Uji wa Mama Keza

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale Niboye, Rwanda, nilikuwa mwongo hodari kuliko wote nyumbani kwetu, na kwa kuwa nilikuwa mpole na mgonjwa hakuna aliyenishuku. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi mezani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Leo nitakisimulia bila kuruka kipande.

Mwaka ule nilikohoa miezi mitatu mfululizo. Usiku kifua kililia kama mlango usiotiwa mafuta. Mama akanipeleka kituo cha afya, daktari akanisikiliza mgongoni, akanipulizisha kidude fulani mara tatu, akasema nina asima, yaani pumu. Akatupa pampu mbili: ya kahawia ya kuvuta kila siku asubuhi na usiku, na ya bluu ya kuvuta pumzi ikibana. Nesi akanishika kidevu.

"Hii ya kahawia, ukishavuta, sukutua na maji, uteme. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilisikia vizuri sana, na hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alikumbuke.

Bibi, mama yake baba, alizitazama zile pampu kana kwamba tumeleta nyoka ndani. Baba yake Bibi alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani, na Bibi alijiona ndiye daktari wa ukoo mzima.

"Asima? Kwetu asima haiko," alisema. "Babu yake hakuwa nayo, baba yake hana. Iko baridi tu. Na iyo pompe, ukianza hauwachi mpaka kaburi."

Mama alikuwa mkwe, hakumjibu, ila pampu akazitia kwenye mkoba wangu wa shule. Mimi moyoni nilikuwa upande wa Bibi. Sikutaka ugonjwa wenye jina. Tena ile ya bluu ilinitetemesha vidole hadi herufi zikaenda upogo, moyo ukadunda kama nimefukuzwa na mbwa. Ile ya kahawia ilinikwaruza sauti. Nilijiuliza ni dawa gani hii inayokuja na magonjwa yake yenyewe. Mpaka leo sidhani lilikuwa swali la kijinga.

Kisha Ramadhani ikaingia. Mama alisema mgonjwa hafungi. Bibi akasema kufunga kunasafisha kifua. Nikafunga, na Bibi akanitangaza kwa kila mgeni: "Sauda wangu uyu, kumi na nne! Hajakosa hata moja!" Sifa zikanivimbisha kichwa.

Nilikuwa nimemwahidi Mama kuvuta pampu wakati wa daku na baada ya futari. Lakini daku nilisinzia huku natafuna, na usiku nililala kama gogo. Basi saa nne asubuhi kifua kilipobana, nilijifungia chooni shuleni nikavuta zote mbili, na ya bluu nikairudia mpaka mikono ikatetemeka. Watoto wenzangu wa madrasa walishasema pampu inafunguza saumu. Mwalimu sikumwuliza, nisije nikapata jibu. Na kusukutua sikuthubutu. Mtu akinikuta na maji mdomoni saa nne asubuhi, zile kumi na nne zangu zingebaki wapi?

Jirani yetu aliitwa Mama Keza. Alikuwa mjane, Mkristo, aliyekulia Tanzania upande wa Ngara, akarudi Rwanda na binti yake Keza, rika langu. Kila asubuhi aliuza uji wa ulezi kando ya barabara, kwa mafundi ujenzi na watu wanaowahi basi, na uji huo ndio uliowalisha wawili wao. Ramadhani ile alitugongea kila jioni, kabla ya magharibi, na chupa ya uji wa moto.

Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, uone kwamba hakina sumu. Ni desturi ya zamani na hata wasomi wanaifuata, japo watajifanya wanatania. Mama Keza hakuonja.

"Nitakunywaje mbele ya watu waliofunga?" alisema siku ya kwanza, akacheka. "Hiyo siyo heshima."

Bibi mwenyewe alimsifu kwa adabu yake.

Siku ya kumi na sita niliamka sina sauti. Ulimi ulikuwa na madoa meupe kama mtindi ulioganda, kumeza kulichoma, na vidole vilikuwa na mtetemo wao wa kawaida. Bibi alinivuta penye mwanga wa dirisha, akanifungua kinywa, akakaa chini palepale.

"Yewe! Mtoto wamemuroga."

Siku hiyohiyo alinipeleka Kagarama, kwa mama mmoja aliyejulikana kwa kutapisha watu sumu. Nikanyweshwa kikombe kizima cha majani yaliyopondwa, machungu ajabu, nikatapika kwenye beseni mpaka machozi yakanitoka. Yule mama akachokoa matapishi kwa kijiti, akanyanyua kitu chembamba cheusi.

"Ndiyo iyi," alisema. "Nani anamupa kunywa, na yeye haonji?"

Kile kitu kilikuwa ganda la tende niliyokula jana yake. Nililitambua. Bibi hakufikiri hata kidogo, akataja jina.

Maneno hayana miguu lakini yanatembea. Kufikia Jumatatu mafundi walipita mbele ya Mama Keza bila kusimama, wengine wakahama upande wa barabara. Nikienda shule nilimwona amekaa na chupa zake zimejaa. Nilimpita nikiwa nimeinamisha kichwa, na watu wakasema maskini, mtoto anamwogopa.

Siku ya tatu alikuja kwetu mikono mitupu. Hakukaribishwa kuketi.

"Shikamoo, Bibi," alisema kutoka mlangoni. "Nimesikia yanayosemwa. Naomba nisikilizwe mara moja tu. Mdogo wangu ana asima. Ile pampu usiposukutua, ulimi unatoka weupe hivyohivyo, na sauti inakauka. Muulizeni mtoto kama anasukutua."

"Na wewe umejua aje kinywa cha mtoto kiko namna gani?" Bibi alimaka. Alisahau kwamba ni yeye aliyeutangazia mtaa mzima.

Mama ndiye aliyenigeukia. Nakumbuka alikuwa na unga mikononi.

"Sauda, mwanangu. Unasukutua?"

Kusema hapana kulimaanisha kueleza kwa nini, na kueleza kulimaanisha kuzirudisha siku zote zile nilizosifiwa. Niliwatazama wote watatu. Nilijua kabisa nani alikuwa anasema kweli.

"Nasukutua," nilisema, kwa kisauti kilichobaki. "Kila siku."

Mama Keza alinitazama. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alisema tu, "Haya," akaondoka.

Usiku uleule nikaanza kusukutua, kwa siri, mara tatu tatu. Idi ilipofika ulimi wangu ulikuwa safi na sauti imerudi. Bibi akasema ni majani ya Kagarama, na Mama akaacha kuuliza. Wiki mbili baadaye Mama Keza alipakia godoro na masufuria kwenye gari dogo, na hakuna jirani aliyetoka kumshika mkono. Mimi nilichungulia dirishani nikiwa nimevaa gauni jipya la Idi.

Bibi alifariki akiamini aliniokoa. Asima yangu ilibaki, naitunza, nimeizoea. Nikisimulia kisa hiki kwa marafiki hukimalizia kwenye beseni na ganda la tende, na anayechekwa ni Bibi. Lakini Bibi aliamini alichokisema, na aliogopa nitakufa. Mimi sikuamini uchawi wowote siku ile. Katika nyumba nzima, mimi peke yangu nilijua.

Mwaka jana nilikutana na Keza kwenye kituo cha basi cha Nyabugogo, tumepanga foleni moja ya tiketi. Alinikumbatia. Hakujua kwa nini walihama. Mama yake alimwambia biashara ilikuwa mbaya tu. Sasa mama yake yuko Ngara, alisema, akanipa namba yake ya simu.

Nilipiga Jumapili, nikiwa nimeandika maneno kwenye karatasi nisije nikayakwepa.

"Sauda? Sauda wa Niboye, wa kifua?" Sauti ilikuwa imezeeka, lakini ya furaha. "Jamani! Siku hizi unapumua vizuri, mwanangu?"

"Vizuri, Mama."

"Mungu mkubwa. Nilikuwa nakuombea sana."

Tukaongea habari za mvua, za Keza, za magoti yake. Karatasi ilikuwa mbele yangu muda wote. Nikamwuliza anahitaji nini, akasema hahitaji kitu, nimsalimie mama yangu. Nikaaga, nikakata simu.

Yule mtoto wa miaka tisa aliogopa kupoteza sifa zake, na nadhani naweza kumsamehe. Mimi nina thelathini na moja, namba ninayo, na sijapiga tena.