Sahani Chini ya Kawa

Nimeandika jambo hili mara tatu kwenye daftari langu na mara zote nimechana karatasi. Safari hii sichani.

Mwaka huu wa sabini na sita nasoma sekondari Arua. Nakaa kwa shangazi, dada wa baba, maana kwetu Koboko ni mbali. Mumewe ni askari. Lori la jeshi lilimchukua mwaka jana, na tangu hapo hakuna barua wala salamu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha kwamba anayeandika habari ya kweli hufungwa na yaliyotokea, bali mtunga hadithi yuko huru. Akasema tusiandike "alikuwa mchoyo". Tumwonyeshe mtu huyo akigawa nyama, msomaji aamue mwenyewe. Kisha akataka kila mmoja wetu abuni mtu.

Mimi darasani sisemi sana. Na kubuni kulinishinda. Nikamchukua shangazi.

Kila jioni shangazi huweka sinia mezani sebuleni, na juu yake kawa aliyoisuka mwenyewe, nyekundu na kijani. Majirani wakipita kumsalimu wanaiona. Siku moja nilipobaki peke yangu niliinua kawa. Sahani moja, safi, imelazwa kifudifudi. Basi. Chumvi na sukari ni za kutafuta siku hizi, nikajiambia nimeelewa. Katika hadithi nilimpa mwanamke wangu jina lingine, nikamhamishia Lobule, nikaandika kwamba alifunika njaa yake kwa rangi nzuri ili wageni wadhani ameshiba.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima. Nilitazama dawati, masikio yanawaka kwa raha. Nilisahau kwamba nyuma yangu ameketi binti wa jirani yetu.

"Hii kawa naijua," alininong'oneza.

Siku ya pili yake niliporudi kutoka shule, nilimkuta shangazi anasuka.

"Leta ile kitabu," alisema. "Soma. Geuza kwa Kiswahili, Kizungu mimi hapana jua."

Nilimgeuzia mstari kwa mstari. Nilipofika penye njaa, nikaruka.

"Na ile ya njaa iko wapi?"

Kumbe alishaisikia yote. Nikarudi nyuma, nikaisoma.

Alisuka kidogo bila kunitazama. "Wewe ulilala njaa hapa siku gani?"

"Hakuna siku, shangazi."

"Mume yangu hapana kula chakula baridi. Hiyo sahani inangoja yeye. Chakula yake iko jikoni, karibu na moto. Asubuhi nani anakula?"

Mimi. Miezi yote hiyo, kabla ya kwenda shule, nilikuwa nakula kiporo kilichobaki chunguni, tena kingi, na sikuwahi kujiuliza kilipikwa kwa ajili ya nani. Nilijiona hodari wa kusoma mtu kwa vitendo vyake. Kitendo kikubwa kuliko vyote nilikuwa nakitafuna.

Nilifunga daftari bila kuomba radhi.

Jioni ile walikuja majirani watatu, wakati kwa kawaida huja mmoja.

"Leo iko nini chini ya kawa, dada?" mmoja aliuliza, na mwenzake akaziba mdomo kwa shali.

"Karibuni," shangazi alisema. Akainua kawa. Akaigeuza sahani, akaenda nayo jikoni, akarudi imejaa ugali wa muhogo na maharagwe. Akaketi mbele yao, akala katika sahani ya mumewe, tonge kwa tonge, mpaka ikabaki nyeupe.

"Nimeshiba," alisema. "Mnaona?"

Walipoondoka aliiosha, akaipanga kabatini pamoja na sahani nyingine. Kawa aliitundika ukutani.

Asubuhi niliingia jikoni. Chungu kilikuwa kimeoshwa, kimelazwa kifudifudi.