Kurudi Kundini

Harufu ya vitunguu saumu ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumapili kwetu Bashay. Msimu wa kung'oa ulipofika vilianikwa uani, vikaning'inizwa darini, vikajaa mpaka chini ya vitanda, na hata usugue mikono kwa sabuni na majivu, ukikunja viganja kusali kinachokujia puani ni saumu. Kanisa zima lilinuka hivyo, mchungaji naye. Msimu ninaousimulia ni ule ambao mwalimu alituambia tufute Arusha kwenye majalada ya madaftari tuandike Mkoa wa Manyara, mkoa wetu mpya, na malori ya wafanyabiashara yakawa yanapanda mpaka shambani, wanunuzi wakishuka na mizani yao na marobota ya mitumba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, niko darasa la kipaimara, na nilishika dini kumshinda mchungaji. Nayakumbuka haya kwa sababu wiki iliyopita kaka yangu Safari alinipigia simu akitaka nirudi kanisani, na mwaka ule mimi ndiye niliyemrudisha yeye.

Safari alinizidi miaka tisa. Alikuwa kibarua katika mashamba ya ngano upande wa Basotu, na huko akampa mimba Martha, binti wa kijiji cha Gitting, kabla ya ndoa. Kwetu jambo hilo lina utaratibu wake. Unatengwa: hushiriki meza ya Bwana, huimbi kwaya, husimamii ubatizo, mpaka siku utakaposimama mbele ya usharika, useme umetubu, upokelewe. Huko ndiko kurudi kundini. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na wenzake walishaanza kumwuliza ataongozaje usharika ikiwa nyumba yake imemshinda. Baba hakufoka. Alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaendelea kukata mikia ya vitunguu. Lakini Safari, alipokuja kutusaidia kuvuna, aligoma katakata. "Mimi na kanisa basi," alisema, "nimechoka kutazamwa."

Jamani, nilimwandama! Nilimfuata kisimani, nikamfuata zizini, nikamsomea mistari ya Biblia huku yeye anakamua. "Hivi wewe ni mdogo wangu au mwinjilisti?" aliniuliza, akanirushia maziwa usoni. Nikaona maneno hayatoshi, nikafunga. Sikula mchana, sikula jioni, na siku ya tatu nilipodondosha ndoo ya maji kwa kizunguzungu, Safari alikuja mbio. "Kula, we mtoto, utanifia bure! Nitakwenda." Nikamwambia aape. "Haki ya Mungu," akasema. Nilimkemea kwa kulitaja bure jina la Bwana, kisha nikala mabakuli mawili ya makande. Jumapili iliyofuata alisimama mbele, amevaa koti la mtumba lenye mikono mirefu mno, Martha kando yake na tumbo lake. Mchungaji akauliza kama wametubu, wakajibu wametubu, na vigelegele vikapasua bati. Mama alicheza mpaka kitenge kikamvuka. Mimi nililia kwa furaha ambayo sijapata kuionja tena, nasema kweli. Baada ya wiki mbili ndoa yao ikafungwa pale pale, na baba akaendelea na uzee wake wa kanisa.

Toka hapo kila kilichoongezeka katika maisha ya Safari kilimvuta kanisani: watoto wa kubatizwa, watoto wa kipaimara, ujenzi wa mnara, msiba wa baba. Leo yeye ndiye mzee wa kanisa, na asiyefika ibada anamfuata nyumbani. Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyonitoa mimi. Niliimba na vijana mpaka wale niliowafundisha nyimbo wakaoa na kuolewa wote. Kwa vijana nikazeeka, kwa akina mama sikufika, kwa kuwa kikundi kile ni cha wenye waume, na mimi tangu usichana nilijua moyo wangu hauelekei huko. Nikahamia Babati, nikaishi na Neema, mwanamke ninayempenda. Lisemwalo lipo, wazee walisikia, wakanitenga. Siku nilipopewa habari nilikuwa napiga pasi, nikamalizia shati. Sikulia. Watu hudhani mtu anayeacha kanisa huwa na ghadhabu, mimi nilikuwa na ganzi tu, na ninayo mpaka leo. Jumapili asubuhi nafua.

"Shikamoo kaka," nilisema alipopiga. Akaitikia, akanipa salamu za mama. Mama ni mzee sasa, macho yamefifia, na kitu kimoja tu anachokiomba ni kupiga magoti na mimi mezani pa Bwana kabla hajafa. Safari alisema Jumapili ya mwisho wa mwezi kuna watu wanaorudi kundini, ataandika na jina langu. "Ni dakika tano tu, mdogo wangu. Unasema nimetubu, yamekwisha. Si hata mimi nilisimama?" Nilitafuta hasira ndani yangu nikaikosa. Nikamtafuta na yule msichana aliyefunga siku tatu, naye sikumwona. Neema alikuwa mlangoni anachambua mchicha, amenipa mgongo, na nilijua anasikia.

"Kaka," nikasema, "wewe ulipotubu walikupa Martha. Mimi nikitubu wanamchukua Neema."

Akauliza, sauti yake ikiwa ya chini kabisa, "Sasa mama nimwambie nini? Ameshashonesha gauni la siku hiyo."

Nilimjibu asiniandike, na mama nitamwambia mwenyewe. Jumapili hiyo ni keshokutwa, na bado sijampigia.