Kiraka cha Upande wa Kukamulia

Nkwabi Luhende ni fundi friji hapa Buhongwa. Kwa miaka mitatu tuliyopanga nyumba moja, nilijua mambo mawili tu kumhusu: haongei, na chumba chake cha uani hakifunguliwi. Sisi wapangaji tulishajitungia majibu. Mama wa chumba cha mbele aliapa kwamba mle ndani kuna nyoka wa utajiri. Mimi nilimpinga. Mtu mwenye nyoka wa utajiri hawezi kuvaa kandambili zenye rangi mbili, kushoto bluu, kulia kijani.

Siku moja alinisimamisha bombani.

"Muganyizi, wewe si ulisomea umeme wa simu?"

"Nusu, Fundi. Nusu ya pili bado iko chuoni inanisubiri."

"Nusu inatosha. Njoo. Funga mdomo kwanza, halafu ingia."

Akafungua kufuli. Niliingia hatua moja, nikarudi nyuma mbili, nikamkanyaga. Nilikuwa nimejiandaa kwa nyoka. Sikuwa nimejiandaa kwa ndege.

Ndege kabisa, jamani. Siyo kile kidude cha mbao ambacho watoto hukimbia nacho wakipiga kelele kwa midomo. Mabawa yalikuwa juu ya kiwiliwili, kutoka ncha hadi ncha yananizidi urefu mimi, na pua ina pangaboi. Matairi yalikuwa na vumbi kana kwamba imetua sasa hivi imetoka Geita. Nilisogea. Kwenye ubavu, mistari na mistari ya vichwa vya ribiti, zile pini za kushikizia bati, maelfu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi.

"Fundi, hii umenunua wapi?"

"Sijanunua. Gonga."

Niligonga. Ilikuwa nyepesi, yaani hamna kitu. Kumbe ndani ni yale maboksi meupe ya kusafirishia minofu ya sangara, aliyoyakata kwa waya wa moto na kuyasugua kwa msasa. Juu yake amevalisha ile tepu ya aluminiamu ambayo mafundi friji huzibia mabomba. Ribiti zote alizikandamiza kwa kigurudumu cha saa mbovu alichokipachika kwenye ncha ya peni. Moshi mweusi chini ya injini ni unga wa mkaa, kaupaka kwa pamba ya masikioni. Mota aliitoa kwenye droni moja iliyoangukia keki harusini. Ametumia miaka minne. Kila kitu kimepigiwa hesabu: sentimita moja yake ni sita za ndege yenyewe.

Nilichungulia dirishani mwa ile ndege. Ndani kulikuwa na machela, na juu ya machela amelala mwanamke wa waya, kafunikwa kipande cha kitenge, tumbo limevimba. Anaangalia juu.

"Huyu nani?"

"Mama."

"Na tumboni?"

"Mimi."

Nikakosa utani. Wanaonijua watawaambia kwamba hilo halitokei.

Akanisimulia, na kwa mtu asiyeongea alisimulia vizuri mno. Mwaka sabini na nane, kijijini kwao upande wa Sengerema, mama yake, Bibi Dorotea, alishikwa na uchungu siku mbili bila mtoto kutoka. Ikaja ndege ya madaktari. Vijana wakafukuza ng'ombe malishoni ili itue, wakampakia, ikaondoka. Kijiji kizima kilisimama pale kikaishangaa ikipaa juu ya ziwa kuelekea Mwanza. Hadi leo, kwenye kila msiba na kila harusi, lazima atokee mtu aanze: "Dorotea, ndege yako siku ile ilivyopanda!" Na yeye hukaa kimya, kwa sababu alikuwa ndani, amelala chali, anaangalia bati. Mtu mmoja tu hakuiona ndege ya Dorotea ikiruka: Dorotea.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa macho." Bibi ana presha ya macho. Pembeni pote kumezimika, anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la peni. Daktari alisema hata hilo tundu litaziba, na mwaka hautaisha. "Nataka aione ikipaa. Mara moja. Rimoti yangu inakatakata. Ndiyo maana nimekuita."

Rimoti niliitengeneza kwa siku nne. Antena ilikuwa imechunika. Jumamosi akamleta mama yake kutoka chumba cha ndani, ambako macho yalimfungia hata sisi wapangaji tukawa hatumwoni. Miaka yote hiyo bibi aliambiwa kwamba uani kuna friji ya mteja, na aliwahi kumwuliza mwanawe mteja gani huyo asiyetaka maji baridi miaka minne.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye yule Mhaya asiyemaliza shule?"

"Ndiye, Bibi."

"Usijali. Ng'ombe akilala hajafa."

Nkwabi akamshika mikono, akaiweka juu ya pua ya ndege. Bibi alipapasa. Vidole vilifika kwenye pangaboi, vikasimama. Vikapanda kioo, vikashuka mlangoni, vikapita juu ya ribiti polepole kama anayechambua mchele. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona, mkono mdomoni, nangoja machozi.

Vidole vilifika karibu na mkia, upande wa kushoto, pale penye kipande chekundu. Maana ile ndege ilikuwa na kiraka. Kijijini walishamcheka bibi kwa hilo hadi wakachoka: ndege gani inavaa kiraka kama suruali ya mchunga mbuzi? Lakini yeye alikiona walipomwinua na machela, na hakuwahi kuibadili kauli yake.

Akaondoa mikono.

"Si hii," alisema.

Nilidhani sijasikia. Nkwabi alinyauka palepale, mbele ya macho yangu.

"Mama, kiraka si hicho?"

"Kiraka ndicho. Nilikwambia kilikuwa upande wa kukamulia."

"Ndipo nilipokiweka! Nilikwenda Buswelu, kwa yule mwenye ng'ombe wa kisasa. Nikasimama bandani nikaangalia anavyokamua. Anakaa kushoto."

Bibi alicheka hadi akashika ukuta. "Kushoto? Huyo ni nani, na ng'ombe wake amemtoa wapi? Kwetu ng'ombe ukimwendea kushoto anakupiga teke unaokotwa Kahama. Kwetu tunakaa kulia, mwanangu. Kulia!"

Mwanamume wa miaka arobaini na sita, Msukuma wa baba na mama, kazaliwa na kukulia mjini, hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe, kaenda kusomea ukoo wake kwenye banda la mtu wa Buswelu. Siku nyingine ningeishi kwa hadithi hiyo mwezi mzima.

Bibi alipotoka nilimpoza Nkwabi. "Fundi, rahisi. Bandua hicho, bandika kulia. Dakika tano."

"Chini ya kiraka ribiti zinakwenda njia nyingine. Mafundi wa ile ndege walipoziba walipigilia upya ubavu wote wa nyuma."

"Mzee, bibi haoni ribiti! Anaona kupitia bomba la peni!"

"Ameona kiraka," alisema.

Kisha akachukua wembe, akapitisha ncha yake kwenye mshono wa mkia, akavuta. Ile tepu ilichanika kwa sauti ambayo hadi leo naisikia kwenye meno. Miezi mitatu ya ribiti, ubavu wa kushoto, ikaanguka sakafuni kama magamba ya samaki. Nilipiga yowe. Kweli, yowe. Mama wa chumba cha mbele akaja mbio kuuliza kama nyoka ametoka. Nkwabi hakugeuka hata. Alikuwa ameshahamia ubavu wa kulia.

Kazi ya miezi mitatu aliirudia kwa wiki mbili. Mafriji ya watu yalijipanga uani hadi getini, wenye maziwa wakatukana, yeye anasukuma kigurudumu cha saa. Na katika wiki hizo mbili nilianza kuona kitu ambacho nilitamani nisikione. Bibi alimimina chai nje ya kikombe, akaendelea kumimina. Alinisalimia mimi akiuelekea mlango. Jumanne alimwuliza Nkwabi kwa nini siku hizi tunawasha taa kwa kuchelewa. Ilikuwa saa saba mchana.

Jumapili, baada ya misa, tulikodi kirikuu hadi Luchelele, nyuma ya Nyegezi, pale penye uwanja wa majani mafupi unaoishia majini. Upepo ulitoka ziwani, taratibu. Nkwabi alimpapasisha mama yake ubavu wa kulia.

Bibi alikigusa kiraka. Alikipigapiga mara mbili, kama unavyompiga ng'ombe wako mgongoni aendelee na safari.

Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Hapo ndipo Nkwabi alipoleta kioja kingine.

"Muganyizi, simama nyuma yake. Mshike kichwa."

"Nimshike nini?"

"Tundu lake ni dogo, ndege ikisogea ataipoteza. Wewe unaona vizuri. Mwelekeze."

"Fundi, nimshike mama yako kichwa kama ninaendesha bajaji? Kwetu nikifanya hivyo natengwa na ukoo!"

"Shika, baba," bibi akasema. "Hiki kichwa kimebeba kuni, kitakubeba na wewe."

Nikashika. Mashavu yake yalikuwa ya moto. Nkwabi aliiweka ndege hatua tatu mbele yetu, mkia ukiwa kwetu, pua ziwani. Nikateremsha kichwa cha bibi kidogo, kushoto kidogo.

"Ipo," alisema. "Kiraka kile pale."

Mota ikalia. Ndege ikatetemeka, ikaanza kukimbia, ikarukaruka kwenye majani kama ndama, nami nikainua kichwa cha bibi milimita kwa milimita, jasho linanitoka. Kisha matairi yakaacha ardhi. Sijui niseme nini. Nilijua ni boksi la samaki. Nililiona tumbo lake linalometa likipita juu ya matete na nikaamini kwamba ndani yake kuna mtu.

"Yesu wangu," bibi alisema. "Kumbe ilikuwa inayumba hivyo? Wangeniambia, nisingepanda."

Ilipaa juu ya maji, imenyooka. Mita mia. Mia mbili. Nilianza kuhesabu, maana rimoti niliitengeneza mimi na nguvu zake nazijua.

"Fundi, geuza."

Ndege ikazidi kwenda mbele.

"Fundi! Geuza, inafika mwisho!"

"Nikigeuza itatoka kwenye tundu lake," alisema Nkwabi bila kuniangalia. "Ikienda moja kwa moja anaendelea kuiona."

"Utaipoteza! Miaka minne, Fundi!"

Akavua mkanda wa rimoti shingoni. Kidole gumba kilikuwa bado kwenye mkono wa rimoti, kimeusukuma mbele hadi mwisho, na hakikusogea. Sikuwahi kumwona mtu akifanya kitu kama kile kwa makusudi. Ningemnyang'anya. Lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye mashavu ya mama yake.

"Inakuwa ndogo," bibi alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Usitikise mikono. Bado naiona."

Ikawa kama mwewe, kisha kama nzi. Sauti ya mota ikakatika, sijui kwa umbali au kwa ile rimoti yangu. Macho yangu, mazima, ya kijana, yakaangaza huku na huku juu ya maji, yakakosa. Hapakuwa na kitu tena, ziwa na mbingu tu.

"Bado," bibi akasema. "Bado. Ileee."

Nkwabi alikuwa ameketi chini kwenye majani, anamwangalia mama yake usoni. Mimi nilimshikilia hivyohivyo, kichwa kikiwa kimenyooka, nikiogopa hata kupumua.