Shemeji Adalbert na Chembe za Joviale

Shemeji yangu Adalbert, mdogo wa marehemu mume wangu, amefundisha kemia miaka mingi katika shule ya Ibanda isiyo na maabara. Koti lake ni safi, Kifaransa chake hakina doa. Wivu tu ndio umemshinda kuuficha.

Binti yangu Joviale alipoandika mémoire yake ya famasia, tasnifu ya kumaliza chuo, juu ya chembe ndogo mno zinazobeba dawa ya kansa, Adalbert aliacha kuja kula kwetu Jumapili. Chembe hizo huvikwa ngozi ya seli nyekundu za damu, ili walinzi wa mwili wazidhanie za nyumbani na kuziacha zipite hadi kwenye uvimbe. Wataalamu wa mbali wamezijaribu kwa panya. Joviale alizipima tafiti zao moja moja.

Kwetu, baba akifa, mdogo wake ndiye husema siku ya sherehe ya mtoto. Mjane hasimami. Na wazazi wa mchumba wa Joviale walikuwa wanakuja kutoka Walungu siku atakapoitetea mémoire yake. Kiti cha baba kingebaki kitupu, wangejiuliza wanaoa nyumba gani. Basi nilimfuata Adalbert kwake, nikamwomba kwa heshima zote. Alijibu kwamba atakuja, ila atasema ukweli.

Siku ilipofika, watahini wa jury walimpa Joviale alama za juu. Tulipokaa ukumbini kunywa, Adalbert akasimama na glasi yake ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akawashukuru wageni vizuri kabisa, kisha akaongeza:

“Lakini musidanganyike. Huyu mutoto hajagusa hata chembe moja. Amesoma tu kazi ya wengine.”

Baba wa mchumba akaweka glasi yake mezani. Mimi nilitazama kitambaa cha meza.

Joviale akauliza kwa upole, “Na weye, papa mudogo, zile atome ulitufundisha, ulishaka gusa hata moja?”

Waliocheka kwanza walikuwa wanafunzi wa zamani wa Adalbert, nao walijaa ukumbini. Kisha mkwe, yule baba wa mchumba, naye akacheka.

Adalbert akakohoa. “Hapana,” akasema. “Lakini nilizichora muzuri.”

Akaketi karibu na mkwe, akaanza kumweleza ile ngozi ya damu na kazi yake, kwa ufasaha ambao hata jury hawakuwa nao. Nikamsikia akimwambia kwamba akili hii Joviale ameirithi kwake, si kwa baba yake.

Mume wangu alikuwa daktari. Lakini mkwe alikuwa akiitikia kwa heshima, kwa hiyo nikamjazia shemeji glasi.