Gemu ilinifundisha kuendesha gari, ila siku ile njia ya Sapiwi sikuwa ndani ya gari

Wakuu, poleni na jua.

Kuna watu humu wamebishana weee kama gemu za magari zinaweza kumfanya mtu awe dereva. Mimi sibishani. Nasimulia tu yaliyonikuta, na mama yangu, mtu wa kanisa asiyependa uongo, alikuwepo.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Somanda hapa Bariadi. Wateja wakipungua nacheza gemu ya magari kwenye simu. Ni zile ambazo camera inakaa nyuma na juu ya gari, unaona paa na barabara yote mbele.

Gari la kweli sikuwahi kulishika usukani.

Mwaka jana msimu wa kuvuna pamba, kaka yangu Masanja alitupeleka mimi na mama kwa gari hadi kijijini Sapiwi kumuona shangazi. Wakati wa kurudi, mchana kweupe, kaka akaanza kutoka jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Akasogeza gari pembeni, akalalia usukani.

Tukamwita. Kimya.

Barabara tupu, pamba pande zote, simu haina network.

Mama akaniangalia. "Minza, wewe si huwa unaendesha kwenye simu?"

"Mama, ile ni gemu."

"Endesha hivyo hivyo. Mwanangu anakufa."

Tukamvuta kaka mpaka kiti cha abiria. Mama akakaa nyuma, amemshika kichwa kisianguke. Gari ni automatic, hapo Mungu alitusaidia.

Mwanzo ilikuwa shida. Gari linayumba, sijui tairi ziko wapi, nikigusa breki kidogo wote tunarushwa mbele. Gemu haikuwahi kuniambia kwamba gari lina uzito.

Halafu nikatulia ghafla.

Wakuu, hapa ndipo sielewi mpaka leo. Nililiona gari kutoka nyuma. Nikaona paa, vumbi linavyotimka, kilemba cha mama kwenye kioo cha nyuma. Nikaona na kisogo cha dereva. Kisogo changu mwenyewe.

Sauti ya injini ikawa mbali. Joto sikulisikia tena.

Na gari likaanza kwenda vizuri! Mashimo nayakwepa, mkokoteni wa ng'ombe nikaupita kama nimezaliwa dereva. Sikuwa na hofu. Hata kaka sikuwa namuonea huruma. Nilikuwa naangalia tu.

Mbele, ng'ombe wakaanza kuvuka, na katikati yao mwanaume mmoja mwenye fimbo. Niliwaona wote vizuri kabisa, wadogo wadogo kule chini. Kidole gumba changu kinabonyeza usukani, kinatafuta kitufe cha breki. Na sikushtuka. Kichwani nilijua nikigonga naanza upya.

Mama alinipiga kofi la kisogo. "Ng'wanawane! Mwanangu, mtu yule!"

Nilirudi kwa kishindo. Joto, vumbi, harufu ya jasho la kaka, vyote kwa pamoja. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Gari likaserereka, likasimama, ng'ombe mmoja anapumulia boneti.

Yule mwanaume akaja dirishani kwangu. Nilitegemea matusi. Akachungulia, akaangalia kiti changu, akamuuliza mama kwa Kisukuma dereva yuko wapi.

"Si huyu hapa," mama akasema.

Akanigeukia. "Nilisimama kwa kushangaa," akasema. "Gari lilikuwa linakuja, hapo kwenye usukani hapana mtu."

Akaswaga ng'ombe wake bila kuaga.

Kutoka pale mama hakuondoa mkono begani kwangu. Aliniita jina langu njia nzima, na mimi naitika, mpaka geti la hospitali.

Kaka alipona. Alijichoma dawa ya kisukari asubuhi na hakula, sukari ikashuka. Wenye ndugu wa aina hiyo, wekeni kitu kitamu kwenye gari, msicheze.

Sasa, gemu inafundisha? Mikono, ndiyo. Nilipokwenda kujifunza rasmi, mwalimu alishangaa jinsi ninavyokata kona. Ila woga haifundishi, na mimi nimeona kwamba woga ndio unaokuweka ndani ya gari. Vijana wanaosema wameiva kwa sababu ya simu, waende shule ya udereva.

Leseni ninayo. Gemu nimeifuta.

Lakini juzi sokoni, nachagua nyanya, nimekiona tena kile kisogo changu. Kimeinama juu ya meza, mkono unageuza nyanya moja moja, na muuza nyanya anacheka naye.

Kama kuna aliyewahi kutoka mwilini mwake namna hii, naomba aandike hapa chini bila utani: ulijuaje kwamba aliyerudi ni wewe?