Karani Alisema Hamna

Wiki yangu ya kwanza Guangzhou nilidhani "meiyou" ni salamu. Nikiingia duka lolote la viatu pale Liuhua, mwenye duka ananiambia "meiyou", na mimi nacheka, namjibu "meiyou" pia. Mkongomani niliyekuwa nakaa naye ndiye aliyeniambia maana yake ni "hamna". Akaongeza kwamba mara nyingi mzigo upo, ila mtu hataki kuinuka. Ukivuta stuli ukakaa, ukauliza tena, mzigo unatoka.

Mwaka huu, mimi nikiwa bado huku, bunge la kaunti yetu kule nyumbani liliandika ripoti ya kubomoa sehemu ya soko, na kibanda chetu kiko soko hilo. Mke wangu na wenzake wakaenda kuomba waisome kabla haijapitishwa. Karani wa bunge akawaambia hamna.

"Baba Watoto, tumerudi mikono mitupu," akaniambia kwa simu.

"Hiyo ni meiyou. Rudini mkakae."

"Tukae tufanye nini?"

"Mkae tu. Akiinua kichwa, mnamuuliza tena."

"Wewe uliyeachia shule form two, leo unatufundisha mambo ya bunge?"

Kesho yake walikaa kwenye benchi la ofisi, wanawake saba na chupa ya chai. Kabla ya saa sita karani akafungua droo yake mwenyewe. Nikatumiwa picha za kurasa zote. Kile Kiingereza kilinitoa jasho, lakini safu yetu ya vibanda niliiona: ya kubomolewa. Wameshapeleka pingamizi, na siku ya kikao wanakwenda kukaa tena, na chupa kubwa zaidi.