Taya Halikwenda Jandoni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa rangi ya midomo ya mtu mmoja. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa dresa kijana, msaidizi wa daktari, katika hospitali ndogo huku kwetu Singida. Nilikuwa na miezi michache tu ya kujifunza kulaza wagonjwa kwa etha, dawa ya usingizi ya kuvuta puani, lakini kiburi changu kilikuwa cha miaka ishirini.

Aliletwa Mzee Ntandu, mkulima wa Sepuka, utumbo umenaswa kwenye ngiri tangu jana yake. Bila kisu, angekufa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe wa kunilaza? Hata ndevu hujaota! Haya, ila mtu asije akasema nilitikisika."

Nikamfunika pua na mdomo kwa kitambaa, nikakidondoshea etha tone kwa tone. Akakoroma kidogo, akatulia. Tulikuwa na kimpira kigumu kilichopinda, tukikipitisha juu ya ulimi ili usizibe koo mgonjwa akilala. Nikamfinya mkono kwa nguvu zangu zote. Hakushtuka. Amelala huyu, nikasema moyoni, nikakiingiza. Kilipita kwa shida kati ya meno, wala sikujiuliza kwa nini.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Koo lilijifunga. Kifua kikavuta na kuvuta, hewa haipiti. Midomo ikawa kama zambarau iliyoiva. Daktari alisimama na kisu mkononi.

Mzee Mghenyi, dresa mkuu wetu, alinisogeza kwa bega. Alikichomoa kimpira, akaondoa kitambaa, akaisukuma pembe ya taya mbele kwa vidole, akangoja. Mwanangu, sijapata kuona kungoja kama kule. Kisha nikasikia mlio mwembamba, kama maji yanapochomoza katika mchanga wa mto mkavu. Ilikuwa pumzi. Nikainamisha kichwa kama niliyeingia mahali patakatifu.

Akaanza etha upya, polepole.

"Hakuwa amelala sawasawa. Wewe umeiuliza ngozi," aliniambia, "na ngozi ya mwanamume wa Kinyaturu imefundishwa jandoni kudanganya. Uliza taya. Taya halikwenda jandoni."

Akanishika kidole, akanigusisha kope za mgonjwa: hazikupepesa. Pumzi ikawa sawasawa, kama ya mtoto aliyeshiba. Taya likalegea lenyewe mkononi mwangu, zito, bila ubishi. Hapo kimpira kikaingia bila kusukumwa, na daktari akaanza kupasua.

Mzee Ntandu alipozinduka jioni, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nilitikisika?"

"Hapana, mzee," nikasema, nikageuka kufuta macho.

Basi, mwanangu, ukikabidhiwa mtu asiyeweza kujisemea, usiridhike na kunyamaza kwake. Mtu hunyamaza kwa usingizi, na hunyamaza kwa heshima yake. Tafuta mahali pasipojua kujikaza, uguse hapo, na kama pangali pagumu, ngoja. Mungu akupe mkono mwepesi na subira nzito, na kila utakayemlaza aamke akiulizia uji.